Tulivyoifundisha Mashini ya Mususa Kulala

Vijana wangu munaotengeneza mashini pale Mususa, mtaa wetu wa Butembo, juzi nilipita karibu na meza yenu nikasikia mteja analalamika. Ordinateur yake, kompyuta ya mezani, inalala vizuri, anasema, lakini kuamka ni shida. Mmoja wenu akamjibu, "Papa, zima tu kabisa. Zile za mezani hazijue kulala." Mteja akalipa, akaenda zake. Mimi pia nikaenda zangu, maana mzee hapaswi kuingilia biashara ya watu barabarani. Lakini neno lile lilinikaa rohoni. Hapa hapa Mususa kulikuwa na wakati ambapo kuzima mashini kulikuwa hatari, na kuiacha macho mchana kutwa kulikuwa hatari vilevile. Niliwaona watu wakiihangaikia usingizi wake kama vile mzazi anavyohangaikia mtoto mwenye homa. Macho yangu hayaoni tena pointi ndogo ya soudure, pale waya inapolehemiwa, lakini kukumbuka naweza. Basi kaeni niwaambie.

Ilikuwa miaka ya vita. Butembo na Beni zilikuwa mikononi mwa waasi, Kinshasa imekuwa kama nchi nyingine, na ile barabara ya Beni ambayo leo munaipita kwa pikipiki huku munapiga simu ilikuwa barrière juu ya barrière, vizuizi vya wenye bunduki. Simu yenyewe haikuwepo. Mtu akitaka kusema na Beni alienda kwenye phonie, ile redio ya kupokezana sauti, akangoja zamu, kisha akapaza sauti mbele ya watu wote.

Mimi nilikuwa fundi wa redio na kaseti. Siku moja niliitwa kwenye depo ya dawa ya Mususa, nyumba ya matofali yenye mlango wa chuma, iliyogawa dawa kwa vituo vya afya vya Butembo, Beni mpaka Oicha. Msimamizi wake aliitwa Mama Kavugho. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anafunga funguo zote za depo kwenye pindo la kikwembe chake, na anakuangalia mpaka umalize kusema uongo wako ndipo anakujibu. Majambazi walikuwa wamemwibia shehena nzima ya serum, maji ya dripu, na alijua sababu yake. Alikuwa amesema kwa phonie kwamba gari litatoka kesho asubuhi. Phonie haina siri. Kila mwenye redio alisikia, na kati yao walikuwemo wenye bunduki. Kesho yake walimngoja Paluku, dereva wa depo, kwenye kona moja, wakamsalimia kwa jina, wakapakua maboksi pole pole kama watu wa nyumbani.

"Sitasema tena kwa phonie," Mama Kavugho aliniambia. "Nataka njia yenye batu hapana kusikia."

Njia hiyo aliipata kwa Papa Tshibangu. Huyu alikuwa fundi wa mawasiliano wa serikali, mtu wa Kasai, aliyetumwa Butembo kabla ya vita. Vita ilipokuja ofisi yake iliporwa, mshahara ukakatika, na mstari wa mapigano ukawa katikati yake na bibi yake na watoto. Hakuweza kurudi kwao. Hata kwenda Beni hakuweza, kwa sababu kwenye barrière mwenye jina la Kasai alihesabiwa mpelelezi wa Kinshasa. Kwa hiyo aliishi Butembo kama mtu aliyefungiwa katika chumba kikubwa, na wala sikuwahi kumsikia akimlaumu mtu. Alitafuta kazi ya mikono yake, akaifanya vizuri kuliko wote niliowaona kabla na baada yake.

Kazi aliyomfanyia Mama Kavugho ilikuwa hii. Wafadhili walipokimbia waliacha modem mbili za redio. Modem ile inageuza maandishi kuwa kelele, kelele inapita hewani, na modem ya upande wa pili inairudisha kuwa maandishi. Anayesikiliza kwa phonie anasikia tu kama mafuta yanakaangwa. Papa Tshibangu aliweka moja kwenye ordinateur ya depo, na ya pili ikaenda kwa Muhindo, infirmier, yaani muuguzi, wa kituo cha afya cha Bungulu kule Beni. Siku za kuzipanga modem walijaribiana kwa sauti kwenye phonie, na kwa siri waliitana kwa majina ya mahali tu: yeye Mususa, mwenzake Bungulu. Mimi alinichukua kama msaidizi, akaniita petit, ingawa nilikuwa tayari baba wa familia.

Sasa shida yetu ilianza. Mji haukuwa na umeme. Depo ilikuwa na plaque za jua na batri za gari, na munajua jua la Butembo: asubuhi ukungu, mchana linachungulia, kisha mvua. Ordinateur ikikaa macho ilikula batri kama mbuzi ndani ya shamba la maharage. Kabla ya saa za alasiri phonie nayo ilikufa. Na kuizima hatukuweza, kwa sababu Muhindo hakuwa na saa maalumu ya kutuma. Jirani yake walikuwa askari, na siku nyingine waliichukua batri yake bila kumwomba. Alituma pale alipopata jua na utulivu. Tukiwa tumezima, neno lake lilipita hewani, likapotea.

"Itabidi ilale," alisema Papa Tshibangu. "Modem itabaki macho, maana inakula kidogo. Muhindo akiita, modem inagusa mashini bega. Mashini inaamuka, inachukua barua, inarudi kulala."

Tuliingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa ya mashini, tukakuta pale pameandikwa kwamba modem inaruhusiwa kuamsha. Tukaruhusu. Tukaagiza ilale kila inapokaa bila kazi. Feni ikanyamaza, diski ikasimama, kikabaki kitaa kimoja kinapepesa mbele. Tukashikana mikono. Tukaenda kula bugali na sombe kwa Mama Kavugho.

Tuliporudi ilikuwa macho, na barua hakuna.

Tukailaza tena. Ikaamka tena. Mama Kavugho alimshuku mlinzi, mlinzi akaapa kwa Bikira Maria kwamba hata karibu na meza hakufika. Mimi nilitaka kufungua kila kitu na kubadilisha kila kitu. Papa Tshibangu akachukua kiti, akakaa mbele ya mashini, mikono juu ya magoti, akaitazama. Alikaa hivyo asubuhi nzima. Nilidhani amechoka na maisha.

Kisha lori la mbao likapita barabarani. Vioo vikatetemeka, meza ikatetemeka, na mashini ikaamka.

"Petit," akasema bila kugeuka, "ndiye mwizi wetu huyu." Akanyoosha kidole kwenye souris, kile kipanya cha kuendeshea mashini. Zile za zamani zilikuwa na kampira ndani. Lori likipita, kampira kanajigeuza kadiri ya unywele, na mashini inafikiri mtu amekuja kufanya kazi. Tuliingia kwenye mipangilio tukainyima souris ruhusa ya kuamsha. Siku hiyo alinifundisha neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote. "Hapana kuuliza kwa nini haikulala. Uliza ni nani aliiamusha." Leo mashini yenu ina vitu vingi vyenye ruhusa hiyo: souris, clavier ya kuandikia, waya wa réseau ya mtandao, saa ya ndani inayotaka kutafuta mise à jour, yaani programu mpya. Ondoeni ruhusa zote, kisha rudisheni moja tu munayoihitaji. Mteja atasema ninyi ni waganga.

Kwa siku kadhaa tulikuwa na amani. Halafu ikaanza tena, na safari hii hakuna lori. Ni Mama Kavugho mwenyewe aliyegundua. Alikuwa anasema kwa phonie na kituo kimoja cha Lubero, mambo ya kawaida yasiyo na siri, na kila alipobonya kifungo cha kusema, mashini nyuma yake ilifungua macho. Akaachia, akabonya. Akatuita.

"Angalieni," alisema. "Inazani ninaiita yeye."

Waya wa modem ulikuwa umepita sambamba na waya wa antenne, na nguvu za phonie ziliruka kutoka huku kwenda kule. Papa Tshibangu aliutoa pale, akaupitisha ukuta wa pili. Kisha akachukua pete nyeusi ya ferrite kutoka televisheni iliyokufa, akazungushia waya wa modem ndani yake mara kadhaa, kama mama anavyosuka nywele. Kuamka ovyo kukakoma. Nimeona mafundi wenye vyeti wakitupa pete zile. Zihifadhini kwenye kopo.

Lakini shida ya tatu ndiyo iliyotaka kutushinda. Sasa mashini ililala bila kusumbuliwa, na mara nyingine ilipoitwa iliamka vizuri. Mara nyingine feni ilizunguka, kitaa kikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi na hakuna kilichoingia. Ilikuwa macho na imekufa. Tulilazimika kuikata umeme na kuiwasha upya, na barua iliyokuwa njiani ilishapita.

Mama Kavugho alivumilia, kisha asubuhi moja akasimama mlangoni kwetu.

"Miye sitaki mashini yenye kulala sawa maiti," alisema. "Nataka ilale sawa mama mwenye kuzaa. Hata akisinzia namna gani, mutoto akilia anaamuka. Kama hamuwezi, muniambie. Nitatafuta namna ingine."

Hakusema kwa hasira. Papa Tshibangu alimjibu, "Mama, unipe nafasi. Hii inaweza. Mara moja ikiamuka, maana yake inaweza kuamuka mara zote."

Mimi sikuwa na imani ile. Nilikuwa tayari kusema mashini ni mbovu, tuachane nayo. Yeye alifanya kinyume. Kila siku alijaribu kitu kimoja tu, hakuna zaidi ya kimoja, kisha akailaza na kuiamsha tena na tena mpaka jioni. Barrette za mémoire, vile vipande vya kumbukumbu: akatoa moja, akajaribu, akarudisha. Pile, ile batri ndogo ya saa: akabadilisha, akajaribu. Nilipomwambia tubadilishe vitu vitatu pamoja ili tumalize haraka, akacheka. "Ikipona, utajua ni dawa gani ilimuponyesha?"

Mwishowe akafika kwenye alimentation, lile sanduku la chuma lenye feni nyuma, linalogawa umeme. Kati ya nyuzi zake kuna mmoja wa rangi ya zambarau. Mashini ikilala nyuzi nyingine zote zinakufa, lakini wa zambarau unabaki na volti tano. Ndio chakula cha usiku cha mashini, kinachoitunza mémoire isisahau. Papa Tshibangu aliweka voltmètre pale, akaniambia niiamshe. Sindano ilikuwa kwenye tano. Nilipobonya, ikaanguka chini ya nne, ikajikokota kurudi.

Akanionyesha sindano. "Ona," akasema, "tulikuwa tunamutukana mutu mwenye njaa."

Alimentation nyingine haikupatikana Butembo nzima. Tulimwandikia Muhindo. Akajibu kwamba radi ilipiga ordinateur moja Bungulu, carte mère, ubao wake mkuu, imeungua, lakini sanduku la umeme pengine ni zima, tulifuate. Papa Tshibangu hakuweza kusafiri. Nikaenda mimi na Paluku.

Paluku alikuwa dereva mnene mwenye kofia ya sufu. Anaimba nyimbo za kanisa kwenye mteremko na kunyamaza kwenye barrière. Tulifika Bungulu salama. Muhindo alikuwa kijana mwembamba, blouse yake nyeupe ya kazi imeshonwa begani kwa uzi mweusi. Alinipa chai na ndizi, akanipa sanduku, na maswali yake yote yalikuwa juu ya Papa Tshibangu. Anakula nini? Amepata habari za familia? Ni kweli kwamba anasikia Morse kama sisi tunavyosikia Kiswahili? Walikuwa hawajaonana hata siku moja, lakini mwishoni mwa kila barua aliongeza, "Salamu kwa Papa."

Kurudi, barrière ya kwanza, askari aliona sanduku langu.

"Oyo nini?" akauliza kwa Lingala.

"Ni tumbo ya mashini ya docteur," akasema Paluku, akitazama mbele.

Askari alilitikisa. Ndani kitu kikagonga: tok, tok. Uso wake ukabadilika. "Kuna kitu ndani. Fungua."

Nilitoa tournevis, bisibisi yangu, nikafungua pale pale juu ya boneti ya gari. Lilitoka vumbi, likatoka kombamwiko kavu, na mwisho ikatoka skrubu moja iliyokuwa imelegea. Askari aliokota skrubu, akaiangalia pande zote, akanipa. "Ilikuwa inakuharibia," alisema kwa upole, akainua mti uliofunga njia. Na alisema kweli. Skrubu ile ingegusa mahali pabaya ingeunguza sanduku siku ya kwanza. Nilipomhadithia Papa Tshibangu alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema askari yule apewe cheti cha ufundi.

Tuliweka alimentation mpya. Uzi wa zambarau ukasimama kwenye tano, ukatikisika kidogo mashini ilipoamka, haukuanguka. Mimi nikaanza kukusanya vyombo. Yeye akaniambia niviache. "Mara moja si kitu. Mashini inaweza kukufurahisha mara moja kwa heshima tu."

Akafanya jambo ambalo sijaona fundi mwingine akilifanya. Alimwandikia Muhindo atume salamu wakati wowote apendapo, bila kututaarifu. Na hapa depo akaomba kila mtu ailaze mashini kwa namna yake: Mama Kavugho, mlinzi, Paluku kwa vidole vyake vinene. Mwenye kuitumia hafanyi kama fundi, alisema, na tunamtengenezea yeye. Salamu zikaanza kuingia. Moja wakati wa mvua. Moja Mama Kavugho akiwa anasema kwa phonie. Moja Jumapili, tukaikuta baada ya misa. Hakuna iliyopotea. Shida pekee ililetwa na upendo. Mama Kavugho alianza kuifunika mashini kwa kikwembe ili isipate vumbi, na tulilazimika kumweleza kwamba hata aliyelala anapumua.

Halafu kipindupindu kikaingia Oicha.

Watu walikuwa wamekimbia kutoka vijiji vya msituni na kulundikana pale, maji yakaharibika, na Muhindo aliandika kwamba serum zimebaki za kuhesabika. Depo ilikuwa nazo. Mama Kavugho alipanga gari bila kusema neno hewani. Walijua watu wa depo tu, na Muhindo kwa barua. Asubuhi ya safari maboksi yalikuwa tayari ndani, yamefunikwa kwa magunia ya makabichi. Motor ya gari inanguruma uani. Barua ya jana yake ilisema njia ni tulivu.

Paluku alitaka kuondoka kabla ya ukungu kuinuka. Papa Tshibangu akasimama mbele ya mlango wa gari.

"Ngoja kidogo, Paluku. Jua bado kufika Beni. Muhindo hawezi kutuma mbele ya jua kutoka."

"Papa, kule batu bako nakufa," alisema Paluku. "Nikichelewa, nitafika nikute nini?"

"Ninajua."

"Na kama hatatuma kitu? Tutangoja mpaka wapi?"

Papa Tshibangu akakiri kwamba hajui. Wote wawili walimgeukia Mama Kavugho. Alisimama kati yao na funguo mkononi. Nilikuwa karibu naye, na niliona jinsi uso wake ulivyofanya kazi. Upande mmoja wagonjwa waliokuwa wanakauka. Upande mwingine Paluku na maboksi ya mwisho. Katikati ilikuwa mashini ndani ya chumba, imelala.

"Tungoje jua," alisema.

Paluku hakuzima motor. Alikaa ndani, mikono juu ya usukani, anatazama mbele kama tayari yuko njiani. Ukungu ulianza kupasuka. Mlinzi alikuwa ameshika komeo la lango. Sisi watatu tuliingia ndani tukasimama tu, bila kugusa kitu. Kitaa kilipepesa. Sijui tulisimama muda gani.

Feni ikaanza kuzunguka.

Hakuna aliyeigusa. Diski ikakohoa, kioo kikapata mwanga, na modem ikaanza kukaanga mafuta yake. Maneno yalitokea herufi kwa herufi. Muhindo aliandika: "Hapana kutuma gari leo. Bale batu wamefunga njia karibu na daraja. Wamechoma gari moja asubuhi hii. Mungoje neno langu."

Mama Kavugho alisoma mpaka mwisho, akatoka nje, akaenda kwenye dirisha la gari. Sikusikia alichosema. Niliona tu Paluku akigeuza ufunguo, na motor ikanyamaza. Alishuka, akavua ile kofia ya sufu, akaingia chumbani kwetu kwa mara ya kwanza bila kusukumwa. Alisimama mbele ya mashini.

"Ni nani aliiamusha?" akauliza.

"Ni Muhindo," akajibu Papa Tshibangu.

Paluku akatikisa kichwa pole pole, akaketi juu ya boksi la bandeji, akabaki hapo kwa muda mrefu.

Kungoja kulituumiza. Muhindo alituandikia majina ya wagonjwa waliofariki, na Mama Kavugho alisoma yote, akayaombea. Hakuomba msamaha kwa mtu, na hakuna aliyemdai. Batri zilishuka sana kwa sababu ukungu haukutoka, na kama mashini ingekuwa ya kukaa macho tungekuwa viziwi siku ile ile. Ililala, ikaamka kwa kila neno, ikarudi kulala. Mwishowe likaja neno: njia imefunguka, mutoke sasa. Paluku alitoka dakika ile akiwa hajamaliza chai yake. Alifika Oicha. Kesho yake mashini iliamka, na barua ilikuwa fupi: "Serum zimefika zote. Batoto wameanza kuinuka na kukaa. Wasingya." Hilo ni asante yetu ya Kinande. Mama Kavugho aliingia stoo akafunga mlango, na alipotoka macho yake yalikuwa mekundu. Akatuuliza kama tumekula.

Tangu siku hiyo sijamwona mtu anayefanya kazi kama watu wale. Papa Tshibangu kwa uvumilivu wake wa kubadili kitu kimoja. Mama Kavugho kwa kubeba uamuzi bila kuutupia mwingine. Na yule Muhindo, ambaye baadaye tulijua kwamba alituma barua ile akiwa amejificha nyuma ya kituo na plaque yake ya jua juu ya mapaja, kwa sababu askari walikuwa uani wanatafuta batri.

Vita ilipotulia, ndege zikaanza tena kutoka Beni kwenda Kinshasa, na kutoka kule mtu aliweza kufika Kasai. Mama Kavugho alimtafutia Papa Tshibangu nafasi. Hakuondoka mara moja. Kwanza aliilegeza mashini makusudi mahali alipopajua yeye, akaniambia nimtafute mwizi. Nilipompata bila msaada, akaenda kufunga mzigo wake.

Tulimpeleka uwanja wa ndege wa Beni kwa gari la Paluku, mimi na Mama Kavugho. Barrière nyingi zilikuwa zimeondolewa. Alitazama kila kilima, kila daraja, akiuliza majina, maana barabara ile alikuwa anaijua kwa masikio tu. Uwanjani watu walikuwa wengi, mizigo, mbuzi, akina mama wenye watoto migongoni. Mama Kavugho alimpa gunia dogo la maharage na kahawa, akamwambia amsalimie bibi yake, kisha akageuka kuangalia upande mwingine.

Nilikuwa nimemwandikia Muhindo kwamba tutakuja, lakini katika umati ule sikumwona. Papa Tshibangu alimuuliza mtu aliyesimama mbele yake kama huo ndio mstari wa Kinshasa. Mtu yule aligeuka ghafla. Ilikuwa blouse nyeupe iliyoshonwa begani.

"Ile sauti," alisema Muhindo. "Ni weye, Mususa?"

Papa Tshibangu, ambaye kichwa chake kilikuwa kinanifika begani, aliinua uso kumtazama. "Bungulu," akasema.

Walishikana mikono na hawakuachiana. Hawakusema mengi, nadhani walikuwa wamezoea kusemezana wakiwa mbali. Mstari ulisogea, nao wakasogea pamoja wakiwa bado wameshikana, mpaka yule wa tikiti akawatenganisha. Papa Tshibangu alipita, gunia begani, akatupungia mkono mara moja.

Ndege iliporuka tulibaki tumesimama. Muhindo aliifuata kwa macho mpaka ikaingia mawinguni, kisha akanigeukia.

"Miaka yote ile," alisema, "nilizani ni mutu murefu."